Kuanza Tena Mafunzo ya Muziki Baada ya Likizo ya Desemba

(Mazungumzo kwa walimu wa kwaya, wazazi na wanafunzi wa Embu na Meru)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo huonekana dogo, nalo hutujia kila mwaka mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa. Kutoka Runyenjes mpaka Chuka, na kutoka Chogoria mpaka Nkubu na Maua, watoto waliokuwa wakiimba vizuri mwezi wa Oktoba hurudi na sauti zenye kukwaruza, vidole vizito, na pumzi isiyofika mwisho wa mstari. Mwalimu husikia, akakunja uso. Mtoto naye hujisikia, akaona haya. Kabla ya mwezi wa Februari kwisha, baadhi yao wamekwisha kujitoa katika kwaya, wala hawarudi tena. Tena mara nyingi wanaojitoa si wale wabovu. Ni wale waliokuwa wakiwapita wenzao. Jambo hili limewashangaza walimu wengi, na ningependa kulieleza, kwa kuwa hasara hii haitokani na kukosa kipaji wala kukosa fedha. Yatokana na namna tunavyoanza.

Likizo ya Desemba ndiyo ndefu kuliko zote katika mwaka, majuma manane au zaidi. Hapa kwetu si likizo ya kulala. Kahawa huiva, na mtoto huamka mapema kwenda kuchuma pamoja na mama yake, kisha kikapu hupelekwa kiwandani kabla ya jua kuchwa. Mahindi na maharagwe yaliyopandwa na mvua za vuli hutaka palizi. Wavulana wengi huingia jandoni katika mwezi huo. Basi si haki kumlaumu mtoto kwa kutogusa ala yoyote siku zote hizo. Hata angetaka kuigusa, angeipata wapi? Filimbi, gitaa na kinanda cha umeme ni mali ya shule, navyo vimefungiwa katika stoo, na ufunguo amekwenda nao mwalimu nyumbani kwao.

Lakini tusiseme kwamba kila mtoto huja mikono mitupu. Desemba ni mwezi wa Krismasi, na makanisani huimbwa sana. Wako watoto waliokesha wakiimba na vijana wa kanisa, na wako waliofundishwa na kaka zao kupiga kinanda cha kanisani kwa kusikiliza tu, bila karatasi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu ni huu: siku ya kwanza, kabla ya kufundisha neno lolote, waulize watoto wamejifunza nini nyumbani, uwaache wakuonyeshe. Utasikia mambo ambayo hukuyatazamia. Mtoto aliyeonyesha jambo jipya hatafadhaika sana atakaposhindwa na jambo la zamani.

Kinachosahauliwa na Kisichosahauliwa

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijifanya yeye mwenyewe kuwa mwanafunzi. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akaziacha kwa muda, kisha akajifunza tena zile zile, huku akihesabu wakati aliotumia. Aliona kwamba kusahau huja upesi sana mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Aliona pia jambo lingine, nalo ndilo la kututia moyo: kitu kilichojifunzwa kikasahauliwa huchukua muda mfupi kujifunzwa mara ya pili kuliko mara ya kwanza, hata kama mtu mwenyewe anadhani hakumbuki chochote. Kazi ya kwanza haipotei yote. Hubaki chini, kama mizizi ya nyasi wakati wa kiangazi.

Ikiwa silabi zisizo na maana hufanya hivyo, wimbo je? Wimbo una maneno, una mapigo, una watu ulioimba pamoja nao. Kwa hiyo wimbo hushika zaidi. Mwulize mzee yeyote aliyesoma Kigari au Kaaga zamani, atakuimbia wimbo wa darasani bila kukosea, naye hajauimba miaka mingi.

Sasa hapa ndipo penye shida. Sikio hukumbuka, lakini mwili hulegea. Misuli ya pumzi, midomo, vidole, na zile nyuzi za sauti zilizomo kooni, zote ni kama mguu wa mtu aliyelala hospitali siku nyingi: mguu haujasahau njia, bali hauna nguvu ya kutembea. Mtoto aliyekuwa hodari ana sikio kali. Anakumbuka barabara jinsi alivyokuwa akisikika mwezi wa Oktoba, na sasa anajisikia jinsi alivyo. Hupima umbali ulio katikati, akaumia moyo. Mwenzake asiye na sikio kali haoni tofauti yoyote, naye huendelea kuimba kwa furaha. Hii ndiyo sababu walio wazuri hujitoa kwanza. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa mbele ya wenzake, "Umeharibika kabisa," hakuambiwa jambo jipya. Amethibitishiwa hofu yake. Afadhali aelezwe wazi kwamba sikio lake limetangulia na mwili unafuata nyuma, na kwamba baada ya majuma mawili matatu vitakutana tena.

Juma la Kwanza

Walimu wengi wana haraka. Wanajua kwamba mashindano ya muziki ya shule yanakuja, nao huona kwamba kila siku ya Januari iliyopita bila wimbo mpya ni siku iliyopotea. Basi siku ya pili ya muhula hutoa wimbo mgumu wa sauti nne, soprano zikapelekwa juu, na kwaya nzima ikapiga kelele kama kuku walioona mwewe. Kwa maoni yangu hakuna haja ya haraka hiyo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake ilianza mwaka 1927, limepangwa kwa ngazi: shule hushindana karibu na kwao kwanza, kisha katika kaunti, kisha jimbo zima la Mashariki, ambamo Embu, Meru na Tharaka-Nithi hukutana na ndugu zao wa Kitui, Machakos na kwingineko, ndipo walioshinda wakaenda kwenye tamasha la taifa mwezi wa Agosti. Kutoka Januari hadi Agosti ni miezi saba. Majuma mawili ya kuimarisha pumzi hayawezi kumkosesha mtu ushindi, lakini sauti iliyoumizwa Januari yaweza kumkosesha.

Wimbo wa kuanzia tunao sote, wala haununuliwi. Ni Wimbo wa Taifa. Kila mtoto anaujua kwa moyo, kwa hiyo hana sababu ya kuangalia karatasi. Aweza kuuweka moyo wake wote katika kupumua na kusikiliza. Tena asili yake yafaa ielezwe darasani. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikikaribia uhuru, watu watano waliwekwa kuutengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake hawakuitoa Ulaya. Waliitoa kwa Wapokomo wa Mto Tana, katika wimbo wa mama wa kumbembelezea mtoto, walioupata kwa Mzee Meza Morowa Galana. Mto huo huo wa Tana hupokea maji ya mito yetu ya Thuci, Mutonga na Kathita inayoshuka kutoka Mlima Kenya, basi wimbo huo si mgeni sana kwetu.

Siku ya kwanza mwalimu auanzishe chini, chini kuliko inavyozoeleka, watoto waimbe polepole kwa mdomo uliofumbwa, kisha kwa irabu moja, kisha kwa maneno. Siku ya pili apande kidogo. Siku ya tatu apande kidogo tena. Asimame kati yao akisikiliza, asipige mkono tu mbele. Kwa njia hii atajua bila kumwaibisha mtu ni nani aliyepungukiwa na pumzi, ni nani aliyepigia kelele michezo mpaka sauti ikakauka, na ni mvulana gani ambaye sauti yake imeanza kuvunjika. Baada ya hapo watoto waimbe ngazi ya solfa, do, re, mi, kwa kupanda na kushuka. Njia hii ya solfa ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, nao wamisheni wakaileta kwetu. Wako siku hizi wanaoidharau wakisema ni ya kizamani. Mimi sioni hivyo. Shule isiyo na kinanda yaweza kufundisha sauti nne kwa solfa na mkono wa mwalimu.

Jambo lingine ni maji. Januari na Februari kwetu ni miezi ya jua na vumbi, hasa upande wa chini, Mbeere na Tharaka. Koo kavu haliimbi. Mtoto aliyekwaruza koo asiambiwe kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu huweza kulichosha koo kama kupiga kelele. Anyamaze tu siku moja au mbili, anywe maji, kisha aanze taratibu.

Sauti za Wavulana

Hapa nitakaa kidogo, maana hili laumiza zaidi ya mengine. Mvulana aliimba soprano mwezi wa Oktoba. Katika likizo ametahiriwa, akakaa kando siku zake, akatoka na nguo mpya na mwendo mpya. Tena, kwa umri wake, sauti yake nayo huenda ikawa imeanza kubadilika. Ndani ya koo kisanduku cha sauti hukua, nyuzi zake zikarefuka na kunenepa, na mwishowe sauti hushuka kama ngazi nane nzima. Jambo hili huwapata wengi kati ya miaka 12 na 15, wala halimalizwi kwa siku moja. Huchukua miezi mingi, na katika miezi hiyo sauti huruka yenyewe kutoka juu mpaka chini bila mwenyewe kutaka.

Mvulana huyo ana aibu mbili. Ya kwanza, sauti humhaini mbele ya wasichana. Ya pili, anajiona kuwa mtu mzima sasa, na kusimama katika safu ya soprano pamoja na watoto ni jambo asiloweza kulistahimili. Mwalimu asiyefikiri humlazimisha abaki pale pale kwa sababu soprano wamepungua. Mwalimu mwingine humwambia, "Nenda, urudi sauti yako ikitulia." Wote wawili wamempoteza. Yule anayeambiwa arudi hataonekana tena. Kabla sauti haijatulia atakuwa amejiunga na timu ya mpira, na mpira haumwombi aimbe.

Yafaa wazee wetu waulizwe juu ya jambo hili, kwa sababu desturi ya zamani haikuona kwamba kutahiriwa ni mwisho wa kuimba. Kinyume chake, kulikuwa na nyimbo na ngoma za jando zenyewe, na kijana aliyetoka huko alikuwa amepata haki ya kuimba na kucheza katika ngoma za rika lake, ambazo mtoto mdogo hakuziruhusiwa. Yaani kukua kulimwongezea nyimbo. Shule ikifanya kinyume, ikamwondolea nyimbo kwa sababu amekua, kijana ataona shule haina adabu ya mambo.

Basi afanyeje mwalimu? Ampime kijana peke yake, si mbele ya darasa. Amwambie atoe sauti mahali anapoona ni rahisi, kisha ashuke hatua kwa hatua mpaka mwisho, apande tena mpaka inapokatika. Mara nyingi ataona noti tano au sita tu zilizo imara. Noti hizo zatosha. Amwandikie sehemu inayokaa katika noti hizo, hata kama ni kushika sauti moja ya chini huku wengine wakisogea. Asimfanye besi mara moja. Besi ya kulazimisha hukaza koo, na mazoea hayo hukaa. Na katika nyimbo za kienyeji ampe ngoma, au kayamba, au kazi ya kuanzisha wimbo kwa kusema. Baada ya miezi sita ampime tena. Wengi waliovumilia hivyo wamekuwa tena na besi wazuri, nao wakikumbuka waliposhikwa mkono.

Ngoma

Ngoma ndefu za Wachuka zinajulikana Kenya nzima. Chuka siku hizi iko katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, nayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru. Atakayezitazama ataona kwamba mpigaji haketi. Ngoma hukaa katikati ya mapaja, imeelekea mbele, naye hupiga huku akicheza, akiinama na kuinuka pamoja na wenzake. Kwa sababu hiyo, mpigaji aliyekaa bila kupiga majuma manane hakupoteza mikono tu. Amepoteza mapaja, kiuno na pumzi. Vijana wanaorudi huona viganja vimekuwa laini, wakataka kuvikomaza siku moja kwa kupiga saa nzima. Kesho yake viganja vimetoka malengelenge na mapaja hayakunjiki, nao wanakaa nje juma zima. Dakika kumi siku ya kwanza zatosha. Kisha dakika kumi na tano. Mapigo yenyewe yaweza kusemwa kwa mdomo na kupigwa kwa magoti hata ngoma isipokuwapo, wala hakuna anayezuiwa kufanya hivyo njiani akirudi kutoka kisimani.

Ngoma yenyewe nayo huwa imelala. Mvua za Oktoba mpaka Desemba hutia unyevu katika ngozi, ikalegea na kutoa sauti kama gunia. Tatueni kwa jua la asubuhi au kwa moto wa mbali. Nasema moto wa mbali, kwa kuwa nimeona ngozi nzuri ikipasuka kwa sababu ya vijana waliotaka iwe tayari kwa dakika tano. Ngozi ikaushwe polepole, na mtu akiigonga kwa kidole kila mara ili kusikia ilipofika. Filimbi za plastiki zioshwe kwa maji vuguvugu, maana zimelala na mate ya mwaka jana ndani yake. Gitaa litazamwe kwanza shingoni na mahali nyuzi zinapofungiwa, hasa likiwa limehifadhiwa chini ya mabati matupu ambako joto la mchana ni kali. Likiwa limeinuka, lisikazwe nyuzi mpaka fundi alione.

Yatokeayo Nchi Nzima Inaponyamaza

Kuna wanaodhani kwamba majuma manane ni muda mrefu sana. Nchi hii imepata kunyamaza zaidi ya hapo. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobanwa sana. Watu walikatazwa kutoka usiku, mikutano ikazuiwa, na familia nyingi zikahamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Ngoma za usiku zingepigwa wapi, na nani angethubutu? Hata hivyo ngoma za Chuka zilisikika tena, kwa sababu waliozijua walikuwa bado hai, na mikono iliyojua ikawafundisha ambayo haijajua. Makanisani pia ngoma ilikaa nje miaka mingi, kwani wamisheni wengi wa kwanza waliiogopa; katika Kanisa Katoliki mlango ulifunguka zaidi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanywa kati ya mwaka 1962 na 1965, na leo Misa ya Jumapili bila ngoma huonekana pungufu.

Na sote tunaukumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache ya mitihani yalirudi Oktoba, lakini watoto wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021, yaani zaidi ya miezi tisa. Tena kuimba kwenyewe kulikuwa kumeogopwa ulimwenguni kote, kwa sababu mwezi wa Machi 2020 huko Marekani, katika jimbo la Washington, kwaya moja ya watu wapatao 60 ilikutana kwa mazoezi ya jioni moja tu, na zaidi ya 50 kati yao wakaugua, wawili wakafa. Kwa hiyo watoto waliporudi walikuta barakoa na amri ya kusimama mbali. Kwaya haiwezi kusimama mbali. Mwimbaji wa alto asiposikia sauti ya jirani yake hupotea.

Katika wakati kama huo ndipo mwalimu huona ni nini kinachobaki. Nyimbo walizokuwa wamejifunza kwa solfa na kwa moyo ndizo zinazorudi upesi. Zile walizokariri kwa kufuata kinanda au rekodi ya simu, bila kujua sehemu yao imejengwaje, hutakiwa kufundishwa upya karibu zote. Jambo hili lafaa kukumbukwa mwezi wa Oktoba, si Januari tu: kinachoingia likizo kikiwa kimeshikwa vizuri, hutoka kikiwa kizima zaidi.

Nyumbani, Mwezi wa Karo

Wazazi, sikuwasahau. Januari ni mwezi wenu mgumu. Karo, sare, vitabu, sanduku la shule ya bweni, vyote huja pamoja, na fedha za kahawa mara nyingi bado hazijalipwa. Mzazi anapotafuta cha kukata, hukata muziki kwanza. Husema muziki haulishi mtu. Sitawaambia kwamba kila mtoto anayepiga filimbi atalishwa nayo. Lakini msiseme pia kwamba hakuna mlango. Jeshi, Polisi na Magereza wana bendi zao, na humo watu hulipwa mishahara kama maaskari wengine. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki iliyotoa walimu wengi wa shule zetu. Na mtaala mpya, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2017, umeweka Sanaa pamoja na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa sekondari ya juu aweza kuzifuata, sawa na sayansi na masomo ya jamii. Mtoto aliyeachishwa muziki Januari kwa ajili ya fedha kidogo aweza kukuta njia hiyo imefungwa atakapotaka kuingia.

Tena mambo mengi ninayowaomba hayahitaji fedha. Naomba dakika kumi na tano kila jioni, kabla ya giza au baada ya chakula, ambapo mtoto hatatumwa kuni wala maji. Dakika kumi na tano kila siku zinamfaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu mwili hujifunza ukirudia na kupumzika, kisha ukarudia tena. Msicheke anapokosea. Wengine husema, "Acha kelele hizo, ng'ombe hawatatoa maziwa." Ni utani, lakini mtoto mwenye sikio kali hausikii kama utani. Na kama nyumbani kuna simu yenye kurekodi, mwacheni ajirekodi wimbo mmoja katika juma la kwanza la muhula, auweke, asiusikilize. Baada ya majuma manne aimbe tena ule ule, kisha avisikilize vyote viwili kwa pamoja. Hapo hatahitaji mtu wa kumwambia kama ameendelea.

Nanyi vijana, aliye na filimbi aanze na noti ndefu, moja kwa pumzi moja, bila wimbo, mpaka isitetemeke. Mwenye gitaa ajue kwamba ncha za vidole zitauma siku chache, kisha zitakomaa. Asikaze kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mwenye baragumu au tarumbeta apumzishe midomo kila baada ya dakika chache, kwa sababu midomo iliyochoka haipati nafuu kwa kulazimishwa. Mtu asiyependa kuanza na mambo haya ya mwanzo, akaruka mpaka kwenye kipande kile alichoshangiliwa nacho mwaka jana, atakicheza vibaya, na vidole vitajifunza ule ubaya.

Neno langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule, juu ya ule ufunguo wa stoo. Mwezi wa Novemba shule inapofungwa, mwalimu wa muziki aandike daftari la ala zote, na mtoto mwenye mzazi aliye tayari kutia sahihi apewe filimbi moja aende nayo nyumbani. Filimbi ya plastiki ikipotea, itanunuliwa nyingine. Ngoma na gitaa vyaweza kukaa kwa mwalimu anayeishi karibu, au kwa kanisa lililo jirani, mahali pakavu, vikapigwa Jumapili na kurudishwa Januari kwa daftari lile lile. Kwa wale ambao stoo zao hazijafunguliwa mpaka leo, fungueni kesho asubuhi, mtoe ngoma juani kabla ya saa tatu.